Nafsi Isiyotajwa: Umbo la Mpasho katika Taarabu ya Dar es Salaam

Wapenzi wa taarabu ya kisasa wa Magomeni, Mwananyamala au Mbagala wanapokubaliana kwamba wimbo fulani umempata mtu, ni nadra wimbo wenyewe kuwa umemtaja mtu huyo. Uuchunguze mshororo kwa mshororo: hutakuta jina, wala mtaa, wala tukio la kuthibitishwa mbele ya shahidi. Hata hivyo ukumbi mzima unamjua anayesemwa, na pengine kila meza inamjua wa kwake. Ujuzi huo ni zao la umbo. Mpasho, yaani wimbo wa kusuta kwa mafumbo, umejengwa kuizunguka nafasi iliyoachwa wazi kwa makusudi, na mbinu zake zote, kuanzia sarufi hadi mpangilio wa ala, zinailinda nafasi hiyo mpaka msikilizaji aijaze mwenyewe.

Ili kuipima mbinu hii, inafaa tuanze na kinyume chake, ambacho nacho kimo ndani ya mapokeo yaleyale. Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928, aliimba pia matukio ya mjini yaliyokuwa midomoni mwa watu. Wimbo wake “Kijiti” unahusu mauaji ya mwanamke mgeni kisiwani Unguja, na jina la mtuhumiwa ndilo jina la wimbo. Hapo wimbo unatoa ushahidi: unataja, unasimulia, unalalamikia hukumu. Mpasho wa leo umerithi shauku ileile ya mambo ya watu, lakini umeliondoa jina, na kwa kuliondoa umehamisha kazi ya usimulizi kutoka kwa mwimbaji kwenda kwa hadhira.

Nyenzo ya kwanza ya uhamisho huo ni lugha yenyewe. Viambishi vya nafsi vya Kiswahili havibainishi jinsia, hivyo anayesutwa aweza kuwa mke mwenza, shoga aliyegeuka, mume aliyehama au jirani. Juu ya msingi huo watunzi hujenga mbinu ninayopenda kuiita mgeuko wa nafsi. Nitunge mfano wa vipande viwili vya mizani minane kila kimoja, kwa kipimo cha kale cha taarabu: “Alinicheka majuzi, leo unabisha kwetu.” Kipande cha kwanza kinazungumza juu ya mtu asiyekuwepo, cha pili, bila onyo lolote, kinamwambia aliyeketi mbele. Kituo cha katikati ya mshororo, ambacho kwa mshairi wa zamani kilikuwa pumziko la pumzi na mahali pa kina, hapa kimekuwa kizingiti: anayekivuka akiwa msikilizaji anajikuta upande wa pili akiwa mlengwa. Aina hii ya mshororo haihitaji tusi, kwa kuwa ukali wake wote umo katika kiambishi kimoja.

Nyenzo ya pili ni muda. Nyimbo za taarabu ya kisasa ni ndefu, na msikilizaji asiye na subira huweza kuyaona marudio yake kuwa uzembe wa utunzi. Tukiyatazama kwa utulivu, tutaona kwamba marudio yana kazi maalumu. Mshororo unaporudiwa, mara ya kwanza unasikika kama hekima ya jumla, mfano wa maandishi ya kanga. Mara ya pili, baada ya macho kuzunguka ukumbini, unasikika kama habari. Kisha kinanda na gitaa hushika zamu, na katika zamu hiyo ya ala ndipo mtunzaji, yaani msikilizaji anayempa mwimbaji fedha, huinuka, akapita baina ya meza kwa mwendo wa kucheza, noti mkononi, hadi jukwaani. Urefu wa kipande cha ala ni urefu wa safari hiyo. Anayetunza hachagui wimbo tu, huchagua mshororo; na kwa kidole kilichoinuliwa au shingo iliyogeuzwa kuelekea meza fulani, anaandika lile jina ambalo mtunzi aliliacha. Kelly Askew, katika kitabu chake *Performing the Nation* cha mwaka 2002, ameonyesha kwa mifano ya Tanga jinsi tendo la kutunza linavyobeba ugomvi wa watu ambao mtunzi hakuwahi hata kuwafahamu. Kwa hiyo kutunza ni sehemu ya matini, na mhakiki anayesoma maneno yaliyoandikwa peke yake anasoma nusu ya kazi.

Nyenzo ya tatu ni upinzani wa makundi. Katika miaka ya 1990 jiji lilifuatilia kwa karibu ushindani wa Tanzania One Theatre (TOT), kundi lililoanzishwa mwaka 1992 na kuongozwa na Kapteni John Komba, na Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga. Khadija Kopa, aliyetoka Culture Musical Club ya Unguja, alikuwa sauti ya TOT. Nasma Khamis, maarufu kwa jina la Kidogo, alikuwa sauti ya Muungano. Wimbo wa huku ulisikilizwa kama jibu la wimbo wa kule, hivyo kila wimbo ukawa ubeti mmoja wa utungo mkubwa zaidi, wenye sauti mbili na majukwaa mawili. Opera ya Ulaya ililijua umbo hili. Mwaka 1726 Handel alitunga *Alessandro* kwa ajili ya waimbaji Francesca Cuzzoni na Faustina Bordoni, akilazimika kugawa nyimbo kwa mizani sawa. Mwaka uliofuata, katika onyesho la *Astianatte* ya Bononcini jijini London, mashabiki wa pande mbili walizomeana hadi onyesho likavurugika. Vijitabu vya kejeli vikawapachika waimbaji wenyewe ugomvi ule, ilhali kelele zilikuwa za wasikilizaji. London, kama Dar es Salaam, ilithibitisha kuwa uhasama wa jukwaani hukamilishwa na walioketi.

Ndiyo maana habari kubwa kuliko zote katika ulimwengu huu ni mwimbaji kuhama kundi. Isha Mashauzi alipotoka Jahazi Modern Taarab na kuunda Mashauzi Classic, au Mzee Yusuf, mwasisi wa Jahazi, alipotangaza mwaka 2016 kuuacha muziki na kuelekea kwenye dini, wasikilizaji walilazimika kuzisoma upya nyimbo za zamani, maana nafsi ya “wewe” ilikuwa imepata mgombea mpya. Magazeti ya udaku nayo yaliziandika habari hizo, na Global Publishers, wachapishaji wa *Ijumaa* na *Uwazi*, walikuwa pia na ukumbi wa Dar Live kule Mbagala. Gazeti na jukwaa vikawa chini ya paa moja, lakini maumbo yao yanapingana: gazeti haliuziki bila jina na picha, na mpasho hauishi navyo.

Kutokana na hayo tunaweza kupendekeza kipimo cha ubora. Mpasho dhaifu ni ule ambao mlengwa wake anatambulika kwa alama moja, maumbile yake au kisa chake kilichokwisha kuandikwa. Huo huchangamsha msimu mmoja, na habari ikichuja nao unachuja. Mpasho uliokomaa hubeba hali badala ya mtu: aliyecheka na sasa anaomba, aliyepora na sasa analinda alichopora. Huo huweza kuimbwa katika ukumbi wa Travertine, Magomeni, Jumapili hii na kwenye harusi ya Temeke baada ya miaka 10, ukampata mtu tofauti kila mara kwa ukali uleule. Watunzi wetu wanaoweza kuacha nafasi ya upana huo, wala isiwe ombwe, wanastahili usomaji wa makini uleule tunaowapa washairi wa diwani.