Sungura wa Watership Down Warejea

Richard Adams alitoa Watership Down, riwaya ya sungura, mwaka 1972; kitabu cha pili, Tales from Watership Down, kikaja mwaka 1996. Wasomaji wengi walinung'unika. Walitazamia safari ndefu na vita vya kishindo. Wakapewa hadithi 19 fupi fupi, nyingi zikiwa ngano za El-ahrairah, shujaa mjanja wa kale.

Lawama hiyo naiona nusu haki. Riwaya yenyewe ilizaliwa kwa mdomo, Adams akiwasimulia binti zake wawili garini. Kurejea kwenye ngano si kupotea njia. Nasi tuliolelewa kwa visa vya Sungura na Fisi, tutaidharauje hadithi kwa ufupi wake?

Walalamikaji wameliacha lililo kubwa zaidi. Kitabu cha kwanza kililaumiwa kwa kuwaweka majike nyuma. Hapa Hyzenthlay, aliye jike, anatawala pamoja na Hazel. Kisha anatokea Flyairth, jike aliyepata kutawala kwao, naye ametekwa na hofu ya Upofu Mweupe, maradhi yauwayo sungura. Kwa huyu nakubaliana na wanung'unikaji: alistahili riwaya nzima, si kurasa chache.