Sifa na Ushahidi katika Maisha ya Wanavyuoni

Miongoni mwa vitabu vya Kiswahili vinavyosimulia maisha ya watu, hapana budi kukipa nafasi ya juu kile cha Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, kilichochapishwa Mombasa mwaka 1972. Mwalimu wa fasihi asikipite kwa kudhani kuwa ni kitabu cha dini tu. Huu ni wasifu, na wasifu ni sanaa yenye masharti yake.

Sharti alilolishika Farsy ni silsila: nani alimfundisha mwanachuoni, naye alimfundisha nani, na lini alifariki. Kwa njia hiyo twamwona Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, akawa nahodha, kisha kadhi wa Unguja. Na karibu naye Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Msomaji hutambua upesi kwamba elimu haikuwa mali ya mtu mmoja. Ilikuwa kijinga cha moto kinachopokewa nyumba hata nyumba.

Farsy, aliyefuata fikra za Sheikh Al-Amin Mazrui, aliyapinga mengi ya mazoea ya watu wa tarika. Hata hivyo aliwaandika kwa heshima mabwana waliokuwa wa tarika. Huo ni uadilifu, nasi twausifu.

Lakini adabu ya mwanafunzi kwa mwalimu wake ina hasara. Mara nyingi sifa hutangulia, na mtu mwenyewe hubaki nyuma. Tena silsila hutupa ukoo wa elimu bila kutueleza jasho lake. Tumfikirie Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Ramiya: alitekwa Manyema akiwa mtoto, akauzwa utumwani Bagamoyo, akasoma, akawa khalifa wa Kadiriya, akafariki mwaka 1931 akiwa kiongozi wa mji ule ule. Mtu kama huyo hatoshelezwi na orodha ya walimu wake. Twataka kujua jinsi mtumwa alivyofika kukalia mkeka wa mwalimu, na waungwana waliompa mkono walishindana na nini mioyoni mwao.

Swali hilo latuhusu hata sisi wa Suji. Hapa Wasabato wamejenga tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Huko Usangi Waislamu ni wengi. Na chini ya milima hii ilipita njia ya misafara kutoka Pangani. Walimu wa dini zote wamepanda vilima vya Upare, na maisha ya wengi wao hayajaandikwa. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya Wapare cha mwaka 1969, alionyesha kwamba vinywa vya wazee ni hazina ya kutegemewa.

Basi mwanafunzi Msabato na amwandike mwalimu wa chuo cha Kurani, na Mwislamu amwandike mwinjilisti. Waulize nani alimfundisha, kama Farsy alivyouliza. Kisha waongeze: alilima wapi, alimlisha nani, na nani alimpinga. Wazee wenye majibu hawatatungoja.