Sura Mbele ya Diwani

Picha za kale za watungaji, zilizochorwa kwa ncha ya chuma juu ya bamba la shaba na kupigwa chapa katika kurasa za mwanzo za vitabu, hupendwa sana na wakusanyaji wa vitu vya zamani. Aghalabu hukatwa kitabuni, zikatiwa fremu, zikatundikwa ukutani. Desturi hiyo huihifadhi karatasi na kuipoteza maana. Picha ya namna hii haikufanywa ikae peke yake. Ilikuwa mlango wa kitabu, na mlango uliong'olewa haumwingizi mtu popote.

Sanaa yenyewe ni ngumu. Mchoraji hana rangi, ana mistari tu. Hukata mifereji myembamba katika shaba, hali ameigeuza sura kulia kwenda kushoto ili ikipigwa chapa irudi sawa. Bamba hupakwa wino, likafutwa; wino ubakiao katika mifereji huvutwa na karatasi yenye unyevu chini ya shinikizo. Penye giza mistari huzidishwa na kupishanishwa. Penye nuru karatasi huachwa tupu. Basi uso huo si kivuli cha kioo. Ni maelezo yaliyoamuliwa na mkono wa mtu mwingine, na maelezo huweza kukosa.

Shakespeare mwenyewe hakusalimika. Picha aliyochora Martin Droeshout ilitolewa mwaka 1623, miaka saba baada ya mtungaji kufa. Kichwa chaonekana kikubwa mno kwa mabega yanayokibeba, na wahakiki wengi wameilaumu. Lakini Ben Jonson, katika mistari inayoikabili, alimwagiza msomaji aiache picha akitazame kitabu. Agizo hilo lilitosha, maana tamthilia zilikuwa zimekwisha kumtambulisha mwenyewe.

Wako watungaji ambao picha zao zilitwikwa mzigo mzito zaidi. Phillis Wheatley alichukuliwa Afrika ya Magharibi akiwa mtoto, akafikishwa Boston mwaka 1761 na kuuzwa kwa John Wheatley. Jina la Phillis lilitokana na merikebu iliyomleta. Diwani yake ilipigwa chapa London mwaka 1773. Wengi wa zama zile hawakusadiki kwamba mtumwa Mwafrika aweza kutunga mashairi ya Kiingereza, hata kitabu kikatanguliwa na hati ya watu 18 wenye heshima wa Boston, gavana akiwa miongoni mwao, kuthibitisha kuwa mashairi ni yake.

Picha iliwekwa hapo kuwa shahidi mwingine. Binti ameketi mezani, kalamu ya unyoya mkononi, wino na kitabu karibu yake; mkono wa kushoto umegusa shavu, na macho yameinuka kama ya mtu atafutaye neno. Lakini ukanda wa maandishi uliomzunguka wamtaja kuwa mtumishi mweusi wa Bwana John Wheatley. Mkono wasema huyu ni mshairi. Ukanda wasema huyu ana mwenyewe. Hata neno mtumishi ni pazia, kwani alikuwa mtumwa. Shauri hilo kati ya mkono na ukanda haliamuliwi ndani ya picha. Huamuliwa na mashairi yanayofuata.

Hapa ndipo ubaya wa kukata unapodhihirika. Ukanda umechorwa katika bamba lile lile, hivyo picha ikikatwa huondoka nao. Mashairi hubaki nyuma. Neno la bwana hutundikwa ukutani, na neno la mshairi huachwa katika kitabu kilichopasuliwa.

Olaudah Equiano, aliyejinunulia uhuru wake mwaka 1766, aliitambua nguvu ya picha. Alipotoa habari za maisha yake London mwaka 1789, picha iliyochorwa na William Denton na kutiwa katika shaba na Daniel Orme ilimwonyesha akimkabili mtazamaji, amevaa kama waungwana wa Uingereza, ameshika Biblia iliyofunguliwa. Chini yake yamo majina yake mawili, na neno Mwafrika. Halimo neno la kuwa mtumishi wa mtu.

Kwa uhuru, picha ya Equiano yashinda. Kwa sanaa, ya Wheatley ni bora, kwani ile yaonyesha imani iliyokwisha kukamilika, na hii yaonyesha fikira ingali kazini. Zote mbili zadai haki moja: zisomwe pamoja na maneno ya wenyewe. Yeyote aliye na picha ya Wheatley ukutani na aiweke diwani karibu nayo, ili atazamaye na kuusoma ukanda apate pia kusikia jibu la mwenye kalamu.