Istilahi za Kufundishia Kijapani kwa Watoto: Kutafsiri Tafsiri

Tunapojadili istilahi, macho yetu aghalabu huelekea kwenye sayansi, sheria na utawala. Ufundishaji wa lugha za kigeni huachwa nyuma, kana kwamba mwalimu wa lugha hana haja ya msamiati wa kazi yake. Leo tunapenda kuutazama upungufu huo kwa kuchukua mfano wa Kijapani.

Lugha hii si ngeni kabisa katika Afrika ya Mashariki. Nchini Kenya inafundishwa katika vyuo vikuu, na mtihani wake wa kimataifa hufanyiwa Nairobi. Kwetu imepata kufundishwa katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Wajapani nao walikwisha kukipa Kiswahili mahali pake katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Osaka, ambacho mwaka 2007 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka. Kijapani hakimo miongoni mwa masomo ya shule zetu za msingi. Hata hivyo, masomo ya namna hii huanza kidogo kidogo, kwa kikundi cha jioni na mwalimu wa kujitolea, na maneno yatumikayo siku ya kwanza huota mizizi kabla Baraza halijaulizwa. Mwalimu huyo mkononi ana kitabu chenye maelezo ya Kiingereza. Afanyalo ni kutafsiri tafsiri.

Kama kipimo tumechagua Nyabusozi, katika nchi ya Biharamulo na Ngara, mkoani Kagera. Mtoto wa huko huzungumza Kishubi au Kihangaza nyumbani, husoma masomo yake kwa Kiswahili, na Kiingereza kwake ni somo, wala si chombo cha kusomea. Istilahi isiyomfaa yeye haifai.

Tuanze na lile ambalo wataalamu wa fonetiki huliita mora. Kijapani huhesabu matamshi yake kwa vipande vya muda ulio sawa, na kila kipande hupata alama yake katika maandishi ya hiragana. Wapo watakaoliazima neno mora kama lilivyo, na wapo watakaosema silabi. La kwanza halimwambii mtoto chochote. La pili linamdanganya, japo kwa kiasi kidogo, kwa kuwa silabi za Kiswahili na vipande vya Kijapani hukubaliana mara nyingi lakini si mara zote. Jina la Nyabusozi lina silabi nne, na kwa Kijapani vipande vinne vilevile (ingawa Mjapani, kwa kukosa «zi» katika orodha yake ya asili, atasema Nyabusoji). Biharamulo ni tano kwa tano. Lakini Ngara kwetu ni silabi mbili, ilhali Mjapani ataihesabu tatu, maana ile «n» ya mwanzo kwake husimama peke yake. Tanzania nayo ni nne kwetu, tano kwake.

Neno linalofaa tunalo, nalo ni la zamani. Ni mizani. Washairi wetu wamehesabu mizani kwa karne nyingi, na katika hesabu hiyo «mtu» ni mizani mbili, kwa sababu «m» yake hubeba uzito wake wenyewe. Hilo ndilo jambo lile lile ambalo mwanafunzi anatakiwa alielewe kuhusu «n» ya Kijapani: «hon», yaani kitabu, ni mizani mbili. Wajapani wenyewe hutunga mashairi kwa hesabu hiyo. Haiku ni mizani 17, zilizogawanywa tano, saba na tano. Mtoto aliyefundishwa shairi la mizani kumi na sita katika mshororo hana haja ya kuelezwa upya. Ataelewa pia kwa nini «obasan» (shangazi) ina mizani nne, na «obaasan» (bibi) ina tano, na kwamba kukosea hapo ni kumzeesha mtu. Tena huyu wa Nyabusozi anamtangulia mwenzake wa Dar es Salaam, kwa kuwa lugha ya nyumbani kwao ni jamaa ya Kirundi, ambacho hutofautisha maneno kwa urefu wa irabu.

Neno shadda lina hatari kubwa zaidi. Katika sarufi yetu shadda ni mkazo, nao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kijapani hakina mkazo wa aina hiyo. Kina kupanda na kushuka kwa sauti: «ame» ikianza juu ni mvua, ikianza chini ni peremende. Mwalimu akisema shadda, darasa zima litakaza silabi na maana itapotea. Aseme toni. Na hapa kuna kichekesho, kwani shadda kwa maana yake ya Kiarabu, yaani konsonanti iliyorudufiwa, imo katika Kijapani: «kite» ni njoo, «kitte» ni stempu. Lakini tusirudishe maana hiyo leo, tutawachanganya watoto bure.

Katika salamu na ujamaa, Kiingereza huziba njia kabisa. «Ohayou» hufasiriwa kupitia Kiingereza kuwa «habari za asubuhi», na mtoto mwenye adabu atajibu «nzuri». Lakini «ohayou» si swali. Hujibiwa kwa neno lile lile, na kwa mkubwa huongezwa «gozaimasu». Kinyume chake, «otsukaresama», ambayo vitabu vya Kiingereza huielezea kwa sentensi nzima, kwetu ni «pole na kazi», basi. «Ojisan» hupitia Kiingereza na kutoka ikiwa mjomba. Katika maandishi, hata hivyo, Wajapani humtenga aliye mkubwa kuliko mzazi na aliye mdogo wake, kama tufanyavyo kwa baba mkubwa na baba mdogo. Tofauti ni kwamba wao hawajali upande wa mama wala wa baba.

Limebaki neno kanji, ambalo wengi wangeliacha kama lilivyo. Tunalikataa. Kamusi za Kiswahili tayari zinalo kanji kwa maana ya wanga, ule utiwao nguo ili zikauke zikiwa ngumu. «Herufi» halifai, kwa kuwa alama hizi hubeba maana; «picha» halifai pia, kwa kuwa nyingi hazifanani na kitu chochote. Tunapendekeza alama za Kichina, ambayo ndiyo maana ya jina lake la Kijapani. Watoto wa Japani hujifunza 1,026 katika shule ya msingi. Kwa anayeanza, kumi zatosha, nazo zichaguliwe miongoni mwa zile chache zinazofanana na kitu chenyewe: mtu, mto, mti, mlima.