Ufito wa Mwanzi Kutoka Denver: Umri Wake na Bei Yake

Ufito wa zamani wa kuvulia ukifika mezani, macho ya watu wengi hukimbilia jina. Mimi huanza na futikamba. Huu ninaouchambua ni wa mwanzi uliopasuliwa, vipande vitatu pamoja na ncha ya akiba, na umeandikwa Wright & McGill, Granger Victory, 9050. Ulitengenezwa Denver, Colorado, kwa kuvulia trauti, samaki wa maji baridi ambaye Wakenya wanamfahamu tangu alipopandikizwa mto Gura mwaka 1905. Chambo chake ni ndoana nyepesi iliyofungwa manyoya ili ifanane na mdudu.

Namba 9050 ni maelezo kamili: futi 9, inchi 0, aunsi 5. Mwenzake 8642 ni wa futi 8 na inchi 6, aunsi 4 na robo. Kwa hiyo kila kipande cha ufito huu hakina budi kuzidi inchi 36 kidogo, maana dume la kiungio huzama ndani ya jike, na vipande vyote hukaribiana sana kwa urefu. Shina lilikuwa sawa, kipande cha kati sawa, ncha ya kwanza sawa. Ncha ya pili ilipungua inchi 3. Iliwahi kuvunjika, fundi akaikata na kuivika pete mpya kileleni. Kazi yake ni safi kiasi kwamba kwa macho tu nisingeigundua.

Umri ulipatikana kwenye majina mawili yaliyokaa pamoja. Goodwin Granger alifariki mwaka 1931, na karakana yake ikaendelea kwa jina lake. Wright & McGill, watengenezaji wa ndoana wa mji huohuo, waliichukua baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1946. Ufito wenye majina yote mawili hauwezi kuwa wa kabla ya hapo. Upande wa pili unafungwa na siasa: mwaka 1950 Marekani ilizuia biashara na China, na mwanzi wa Tonkin unaotengenezewa fito hizi, mgumu na wenye nyuzi zilizosongamana, hutoka Guangdong, nchini humo. Wakati huohuo fito za nyuzi za kioo zilikuwa zimeshaingia madukani kwa bei nafuu. Mimi nauweka kati ya 1946 na katikati ya miaka ya 1950, na sioni sababu ya kudai mwaka mmoja mahususi.

Ufito usipokuwa na jina, kazi inakuwa tamu zaidi. Tazama nyuzi za hariri. Zikiuzunguka mwanzi kila baada ya inchi moja au mbili, hata pasipo na kipete cha kupitishia mshipi, hiyo ni dalili ya enzi ya gundi ya ngozi za wanyama, ambayo ililainika kwa unyevu. Hariri ndiyo iliyozuia vibanzi sita vya mwanzi vinavyounda ufito visiachane. Vipete vya duara vinavyoning'inia ni vya karne ya 19. Herufi kama HDH au HCH karibu na mshiko zinataja unene wa mshipi kwa mtindo wa zamani, kabla ya namba za uzito kuanza kutumika mwaka 1961. Na maandishi ya "Occupied Japan" hayaachi ubishi: ni kati ya 1945 na 1952. Fito hizo nyingi ziliuzwa ndani ya visanduku vya mbao vya kupendeza, na bei yake leo ni ndogo, jambo linalowaumiza warithi wengi.

Kuhusu bei, urefu wa futi 9 unaupunguzia ufito wetu wanunuzi. Wavuvi wa sasa wanapenda futi 7 au 8 kwa vijito vidogo, na hizo zilitengenezwa chache. Fito za mafundi kama Jim Payne au Everett Garrison hufikia maelfu ya dola. Victory ya futi 9 ikiwa nzima ni mia chache, na ncha fupi inashusha zaidi.

Vanishi yake ina nyufa ndogondogo, lakini ni ya kiwandani, na hariri haijaguswa. Mwenye ufito alitaka kuupiga msasa na kuupaka upya. Nilimsihi asifanye hivyo. Msasa hula ngozi ya nje ya mwanzi, ambako ndiko nguvu nyingi iliko, na huondoa maandishi niliyoyategemea kujua umri.

Jambo la mwisho lilikuwa viungio, vya aloi ya shaba, zinki na nikeli. Niliunganisha vipande kwa ncha nzima, nikautikisa ufito karibu na sikio. Hakukuwa na mlio wa kugongana. Nilipovivuta ili kuvitenganisha, kila kiungio kililia "pop", hewa ikiingia mahali ambapo chuma kilikuwa kimebana, kama kilivyobana kilipotoka Denver.