Kicheko Mara Mbili Ngome Kongwe

Watu wa nyanda za juu kusini hatuna jahazi. Tuna mahindi, chai, mbao, viazi, na baridi ya Juni inayomfanya mgeni aombe blanketi la pili. Kwa hiyo mtu wa Mbeya au Iringa anaposikia kwamba kila mwaka kisiwani Unguja kuna Tamasha la Nchi za Jahazi, ana haki ya kujiuliza kama naye amealikwa. Mimi nadhani amealikwa. Kaniki na shanga zilizofika Uhehe na Usafwa zilishushwa kwanza pwani na majahazi, na lugha ninayoiandikia hapa ilipanda milima kwa njia hiyo hiyo ya misafara, kabla ya shule kuieneza. Leo Mhehe na Mnyakyusa wakikutana sokoni hupatana bei kwa lugha hiyo.

Tamasha hilo, ambalo wengi hulijua kwa jina la ZIFF, lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Nililihudhuria Julai 2017, lilipofikia mara yake ya 20. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa basi, pamoja na kona za Kitonga, kisha kuna boti. Niseme mapema kwamba safari hiyo inalipa. Kutazama sinema ndani ya kuta za Ngome Kongwe, juu pakiwa wazi na harufu ya mishikaki ya Forodhani ikiingia bila tiketi, ni jambo ambalo runinga ya sebuleni haiwezi kukupa.

Filamu ya ufunguzi mwaka ule ilikuwa T-Junction ya Amil Shivji. Binti aitwaye Fatima amefiwa na baba ambaye hakuwa karibu naye. Hospitalini anakutana na Maria, na Maria anamsimulia habari za wachuuzi waliojenga udugu wao kwenye njia panda moja ya Dar es Salaam. Sehemu za njia panda zina uhai hasa. Wale watu wanataniana, wanakopeshana, wanagombana kama watu tunaowajua. Udhaifu wake, kwa maoni yangu, uko kwenye mshono: kila hadithi ya Maria inaponoga tunarudishwa hospitalini, na ukimya wa nyumba ya msiba, ambao ungetosha kuwa filamu peke yake, unabaki ukisubiri zamu. Lakini nilitoka nikiwa nimewapenda watu wake, na si kila filamu inayonifanyia hivyo.

Nilichojifunza zaidi, msomaji wangu, kilitoka kwenye viti. Filamu ya Kiswahili ikionyeshwa pale, kicheko huja mara mbili. Kwanza wanacheka wanaosikia. Kisha, baada ya kitambo kidogo, wanacheka wanaosoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Maandishi hayo si ya kuonewa kinyongo. Filamu isiyo nayo haivuki bahari, na mtengenezaji wetu ana njaa ya kuvuka. Ila filamu za kutoka nje nazo mara nyingi hutujia na Kiingereza hicho hicho, na hapo kicheko ni kimoja tu, cha wanaosoma.

Usiku mmoja nilikaa na bibi mmoja aliyekuja na wajukuu. Ilikuwa filamu fupi ya kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Baada ya dakika chache akanigusa mkono. "Wanasemani hao, mwanangu?" Nikamnong'oneza. Akauliza tena, nikamjibu tena, na kabla sijajua, wajukuu wote wawili na bwana wa kiti cha nyuma walikuwa wameniegemezea masikio. Ndipo nikagundua kipimo ambacho wahakiki hawakiandiki. Palipokuwa na maneno mengi nilihangaika, na bibi akapoteza hamu. Palipokuwa na mama anakunja nguo ndogo na kuzirudisha sandukuni, nilifungua mdomo nikaufunga. Bibi alikwisha kuelewa. Alisema "maskini" kabla yangu. Tangu usiku ule filamu ninaipima kwa namna inavyompumzisha mtafsiri.

Kazi hiyo si ngeni kwetu. Vibanda vya video vya Mwanjelwa viliishi kwa watafsiri. Kanda za Lufufu, bingwa wa kazi hiyo kutoka Dar es Salaam, ziliwafanya Wachina na Wamarekani wazungumze kama wapiga debe wa stendi. Wasomi walicheka kwa dharau, nami naona walikosea. Lufufu alikuwa akifanya uhakiki papo kwa papo: anaeleza, anakejeli mwigizaji anapozidisha, anaruka maneno yasiyo na maana, na hadhira inalipa au inaondoka.

Tamasha lenyewe limewahi kulijua hitaji hili, maana mbali na Ngome lilipeleka maonyesho vijijini Unguja na Pemba. Hilo kwangu ni sifa yake kubwa kuliko tuzo ya Jahazi la Dhahabu. Wazee wa Iringa bado wanazungumzia gari la sinema la serikali, shuka jeupe na jenereta, watoto wakikaa mbele na wengine nyuma ya shuka wakiiona picha kinyume. Lilikuwa na mafundisho mengi ya kilimo na uzazi, lakini lilifika.

Filamu yenye tuzo haifiki. Inazunguka kutoka tamasha hadi tamasha, inasifiwa na watu wasioishi kwenye njia panda yoyote, na wachuuzi wa Mwanjelwa, ambao soko lao liliungua mwaka 2006 na wanajua maana ya kupoteza mahali pa kusimama, hawajaisikia.

Niliporudi Mbeya nilipita kwa kijana mmoja aliyekuwa akirekodia watu filamu kwenye simu. Nikamsimulia habari ya Fatima na Maria na wachuuzi. Akasikiliza vizuri, akaniuliza kama imetafsiriwa.

"Ni ya Kiswahili," nikamwambia. "Imepigwa Dar."

"Ya Kiswahili?" Akageukia kompyuta yake, akaanza kuitafuta. "Hebu nitajie tena jina lake, mzee."

Nikamtajia, herufi kwa herufi, kwa Kiingereza.