Vidole Vinne vya Kuti

Kila likizo ya Disemba ninawachukua watoto kwenda shamba, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu babu nje kidogo ya Mkokotoni. Ukishapita Mahonda na Donge, wao huanza kubishana nani atakayekiona mwanzo kisiwa cha Tumbatu. Nyumba yenyewe ni ya zamani: kuta za mawe na chokaa, boriti za mikoko, baraza mbele, na juu makuti. Ndugu wamekwisha kumshauri bibi mara kadhaa atie mabati. Hataki. Safari hii paa lilikuwa linabadilishwa, nikapata kukaa ubavuni mwake siku nzima nzima akishona.

Asiyejua hudhani kuti ni kuti. Kumba, linalosukwa likiwa bado na upongoo wake, hilo ni la ua na vibanda. Paa la nyumba linataka makuti ya viungo. Kila ukuti huchambuliwa peke yake, ukalainishwa kwa maji, ukakunjwa juu ya ufito, kisha ukashonewa hapo kwa utepe mwembamba wa ukuti.

Bibi haukunji katikati. Upande mmoja huuacha mfupi, mwengine mrefu, na ukuti wa pili huulalia wa kwanza nusu ya upana wake. Kidole gumba cha kushoto hakibanduki kwenye mkunjo. Mkono wa kulia unapitisha utepe, unavuta, unapitisha tena. Akifika mwisho wa ufito hulinyanyua kuti likaelekea jua. Panapopenya mwanga, hufumua.

"Bibi, si patafunikwa hapo?" binti yangu alimuuliza.

"Patafunikwa na kuti jengine, mwanangu. Na hilo nalo likiwa na tundu?"

Fundi alianzia ukingoni akawa anapanda, kila safu akiifunga kwenye pau kwa kamba ya usumba. Kamba hiyo nayo ina kazi yake ndefu: makumbi ya nazi hufukiwa pwani miezi kadhaa, yakafukuliwa, yakapondwa, ndipo yakasokotwa. Baina ya safu na safu fundi alipima vidole vyake vinne. Wapo wanaoacha shubiri. Makuti yanapungua, kazi inakwisha upesi, na baada ya masika mawili mwenye nyumba anapanga ndoo sebuleni. Na paa lazima lisimame. Likilala, maji hukawia juu yake na makuti huoza kabla ya wakati wake.

Hivyo vidole vinne ndivyo vilivyonishika. Kuti zima la bibi, na asubuhi yote ya mgongo wake kuinama, linaonekana vidole vinne tu. Lililobaki limo chini ya wenziwe, na hakuna atakayeliona mpaka siku litakapoteremshwa. Mishono yake ya mahali pale imenyooka kama ya ukingoni.

Siku moja tulipanda hadi Fukuchani kutazama magofu. Wengi huyaita nyumba ya Mreno, ingawa ujenzi wake ni wa Kiswahili, wa karne ya 16. Kuta zimesimama, matundu madogo ya ukutani bado yapo. Juu, mbingu. Mwanangu mdogo alitaka kujua fundi wa paa lile alikuwa nani. Nimelifikiria sana swali lake. Mawe yameachiwa sisi tuyasome. Kazi ya aliyeezeka haikuacha hata unyasi, ila kwa kuwa kila baada ya miaka michache ilibidi irudiwe, mikono haikupata nafasi ya kuisahau.

Silisemi vibaya bati, kwangu mjini nimelitia. Lakini usiku wetu wa mwisho ilinyesha mvua ya vuli iliyochelewa, kubwa, na chini ya makuti yale tuliisikia kama mtu anayepepeta mchele chumba cha pili. Watoto hawakuamka. Bibi aliamka. Akawasha tochi, akapitisha mwanga kwenye safu mpya moja baada ya moja, kutoka ukingoni hadi mgongoni mwa paa, akakawia kidogo pembeni palipo na mkunjo mgumu. Kisha akazima, akajifunika kanga yake, akalala.